Wawindaji wa Alama: Mawe ya Wapima Ardhi na Wale Wanaoyatafuta

Katika nchi kadhaa za Ulaya na Amerika wako watu ambao, siku zao za mapumziko, huacha nyumba zao na kwenda milimani, porini au kando ya reli kutafuta kitu ambacho hakiliwi, hakiuzwi wala hakichukuliwi. Wanatafuta alama za wapima ardhi: nguzo ya saruji juu ya kilima, kisahani cha shaba kilichopachikwa katika mwamba, mstari uliochongwa kwa patasi katika ukuta wa kanisa. Wakiipata alama huipiga picha, huandika tarehe na hali yake, kisha huiacha palepale na kurudi kwao wakiwa na tope miguuni. Kwetu sisi, ambao kilima hupandwa kwa sababu ya kuni, ya shamba au ya sala, mchezo huu waweza kuonekana kuwa ni upuzi wa watu walioshiba. Hata mimi nilifikiri hivyo.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya mawe hayo na ya wanaoyawinda, na kuonyesha kwamba historia hiyo inapita barani Afrika, tena karibu sana na mipaka ya nchi yetu, kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwandishi si mpima ardhi. Ni mwanaisimu aliyeingia katika jambo hili kwa mlango wa lugha, na msomaji atamsamehe ikiwa mlango huo utaachwa wazi muda mrefu kuliko ilivyo desturi katika makala ya historia.

Tuanze na kitu chenyewe. Alama za upimaji ni za namna mbili kuu. Ya kwanza ni alama ya kimo, ambayo hueleza mahali pale pako juu ya bahari kwa mita ngapi. Waingereza walizichonga kwa maelfu katika kuta, madaraja na ngazi za mawe: mstari mmoja wa kulala, na chini yake mshale unaouelekea. Katika mstari ule mpimaji aliingiza kipande cha chuma kilichopindwa, ambacho kilikuwa kama benchi dogo la kuegemezea fimbo yake ya kupimia. Jina la alama hiyo katika Kiingereza limetokana na benchi hilo, na leo jina hilohilo hutumiwa na wachumi na mafundi wa tarakilishi kwa kila kipimo cha kulinganishia, wala hawakumbuki tena kwamba hapo mwanzo palikuwa na ukuta, patasi na kipande cha chuma.

Namna ya pili ni alama ya mahali, ambayo ni kona ya pembetatu. Kabla ya zama za satelaiti, nchi kubwa haikuweza kupimwa kwa kuvuta mnyororo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Wapimaji walitafuta uwanda ulio sawa, wakapima hapo mstari mmoja tu wa msingi, kwa uangalifu wa kuchosha. Kisha walipanda vilima na kupima pembe. Ukijua urefu wa upande mmoja wa pembetatu pamoja na pembe zake, unaweza kukokotoa pande nyingine mbili bila kuzikanyaga. Kila upande mpya huzaa pembetatu nyingine, na hivyo mnyororo wa pembetatu huendelea kutoka kilima hadi kilima kwa mamia ya kilomita. Kwa hiyo jiwe moja lililong'olewa si hasara ya jiwe moja. Ni kona ya pembetatu kadhaa, na anayekuja baadaye kuendeleza kazi au kuihakiki hana pa kusimama.

Hapo ndipo ulipozaliwa uwindaji, na haukuzaliwa kama mchezo. Katika Afrika kisa chake cha kwanza kinachojulikana vizuri ni cha Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1752 padri na mnajimu Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alipima huko tao la meridiani, kutoka Cape Town kwenda kaskazini hadi mahali paitwapo Klipfontein, ili kujua umbo la dunia katika upande wa kusini. Matokeo yake yaliwasumbua wataalamu: kwa hesabu zake, nusu ya kusini ya dunia ilionekana kuwa na mviringo usiolingana na ule wa kaskazini, kana kwamba dunia ni mfano wa pea. Lacaille alikuwa mpimaji hodari, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba alizembea.

Mwaka 1820 Mwingereza George Everest, aliyekuwa akifanya kazi ya upimaji nchini India, alifika Rasi kwa ajili ya afya yake. Badala ya kupumzika, akaanza kufuatilia vituo vya Lacaille. (Huyu ndiye ambaye jina lake lilipewa mlima mrefu kuliko yote duniani mwaka 1865.) Alipoyatazama mazingira aliona jambo ambalo lisingeonekana katika karatasi za hesabu: kila mwisho wa tao lile una milima. Uzito wa milima huivuta timazi kidogo, nayo timazi ikivutwa, mpimaji hupotezwa juu ya mahali nyota ilipo hasa. Baadaye Thomas Maclear, mnajimu wa serikali huko Rasi, akaichukua kazi yote upya. Ilimbidi kwanza avitafute vituo vya Lacaille, mjini Cape Town na kule Klipfontein, vikiwa vimepitiwa na karibu miaka tisini ya ujenzi, kilimo na usahaulifu. Kati ya mwaka 1841 na 1848 alilipima tao na kulirefusha, na kosa likathibitika kuwa la milima, wala si la dunia wala la Lacaille. Rundo la mawe alilolijenga mwaka 1844 mahali pa juu kabisa pa Table Mountain lingali pale, limekarabatiwa zaidi ya mara moja, na wapanda mlima hupiga picha karibu nalo.

Kisa hiki kinatufundisha kwamba kulitafuta jiwe la mtu mwingine ni njia ya kuisoma hoja yake pale alipoiandikia. Everest hakuikuta siri katika kitabu cha Lacaille. Aliikuta kwa kusimama aliposimama Lacaille.

Mwaka 1879 aliwasili Rasi mnajimu mwingine, Mskoti David Gill, akiwa na ndoto kubwa kuliko zote: mnyororo mmoja wa pembetatu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, ukifuata kwa ukaribu meridiani ya 30 ya mashariki, na mwishowe kuunganishwa na tao ambalo Friedrich Georg Wilhelm Struve alikuwa amelipima kati ya 1816 na 1855, kutoka Bahari Nyeusi hadi kaskazini kabisa ya Norway. Tangu mwaka 1883 hadi 1892 kazi ilifanyika katika Rasi na Natal. Kisha ikavuka Limpopo. Kati ya 1903 na 1906 Mswidi Tryggve Rubin aliupitisha mnyororo katika nchi iliyoitwa wakati huo Northern Rhodesia, yaani Zambia ya leo, akafika karibu na mwisho wa kusini wa ziwa Tanganyika. Wasomaji wa Katanga watazame ramani: vilima vya Rubin ni majirani zetu.

Hapo sayansi ikakutana na siasa, na jambo lenyewe likawa letu moja kwa moja. Mapatano ya tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold II yalikuwa yameitaja meridiani ya 30 kuwa sehemu ya mpaka wa Dola Huru ya Kongo. Kuandika « meridiani ya 30 » mezani ni kazi ya kalamu moja. Kuionyesha katika misitu ya Ituri na miteremko ya Ruwenzori ni kazi nyingine kabisa, kwa maana mstari huo hauna mto, hauna njia wala mti. Upo katika hesabu peke yake, na hesabu za ramani za wakati ule hazikuaminika. Mwaka 1907 na 1908 tume ya Waingereza na Wabelgiji ilikwenda kuutafuta. Mara baada yake, mwaka 1908 na 1909, kikundi cha wataalamu kikabaki kupima tao lenyewe magharibi mwa Uganda, takriban digrii moja kila upande wa ikweta, pamoja na mstari wa msingi katika bonde la Semliki. Alikuwamo Kapteni E. M. Jack, G. T. McCaw, na kwa upande wa Ubelgiji mnajimu Marcel Dehalu. Mwezi Mei 1910 serikali zilikubaliana huko Brussels kuuacha mstari usioonekana na kuufanya mpaka ufuate vitu vinavyoonekana: kilele cha Margherita, mto Semliki, ziwa Albert. Kwa hiyo meridiani ya 30 ilipimwa kwa usahihi wakati ambapo ilikuwa ikipoteza kazi yake ya kisiasa. Waliokuwa wakiishi huku na huku ya mstari, wasemaji wa lugha ileile, hawakuulizwa wakati wa 1894, wala hawakuulizwa 1910.

Kazi hizi zilitegemea migongo ya watu. Teodoliti za wakati ule zilikuwa nzito, nazo hazikuruhusiwa kuguswa na mshtuko; saruji na maji vilipandishwa kilimani kwa vichwa na mabega. Tena, ili mpimaji aliye kilima kimoja auone mwingine ulio mbali kilomita nyingi, ilibidi pawepo watu huko wa kuelekeza kioo cha jua mchana au taa usiku, wakikaa majuma mazima na kungoja ukungu au moshi wa mbuga zinazochomwa upite. Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara katika sehemu kubwa ya nchi hizo. Katika ripoti zilizochapishwa tunapata digrii, dakika na sekunde hadi tarakimu ya tatu baada ya mkato. Majina ya wapagazi ni haba mno.

Pengo la Tanganyika lilizibwa na ofisa Mwingereza Martin Hotine, ambaye tangu 1931 hadi 1933 aliupeleka mnyororo mashariki ya ziwa kuelekea mpaka wa Urundi. Mtu huyu ndiye kiungo ambacho sikukitarajia. Aliporudi kwao alipewa kazi ya kuipima Uingereza upya, kwa sababu vituo vya zamani vya huko vilikuwa vimepotea vingi mno. Akasanifu nguzo ya saruji yenye kimo cha kama mita moja na robo, nene chini na nyembamba juu, ambayo kichwani ina bamba la shaba nyeupe au ya njano lenye mifereji mitatu ya kuwekea miguu ya teodoliti, ili kila mpimaji ajaye asimame katika nukta ileile bila kubahatisha. Na hakutegemea nguzo peke yake: chini yake, ardhini, ilifichwa alama nyingine, ili nguzo ikivunjwa nukta isife. Kazi ilianza rasmi Cold Ashby, katikati ya Uingereza, tarehe 18 Aprili 1936. Zilijengwa nguzo zaidi ya 6,500.

Nguzo hizo ndizo zilizozaa mchezo. Kwa kuwa nyingi zilisimama juu ya vilima vizuri, watembeaji walizifanya kuwa mwisho wa safari zao, wakaanza kuzihesabu, kisha wakaanza kushindana. Mwaka 2016, miaka themanini baada ya nguzo ya kwanza, Mwingereza mmoja alimaliza kuzifikia zote zilizokuwa zimesalia, 6,190, baada ya miaka mingi ya kutembea kwa miguu. Mwaka 1992, satelaiti zilipokuwa zimekwisha kuchukua kazi ya teodoliti, ofisi ya ramani ya nchi hiyo iliwaalika raia wazilee nguzo kama mtu aleavyo mti: kuzipaka rangi na kutoa habari zikibomoka. Nadhani hapa ndipo ilipo tofauti kati ya mchezo na upuzi. Mchezo huo uliwapata walinzi ambao serikali isingeweza kuwalipa.

Mnyororo wa Gill nao ulikamilika, kwa kuchelewa. Pengo la mwisho, kusini mwa Sudan, lilizibwa na Waamerika wa idara ya ramani ya jeshi mwaka 1954, miaka 75 tangu Gill alipotoa wazo na miaka 40 tangu afe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1957, Warusi walirusha Sputnik, na njia nyingine ya kuipima dunia ikafunguka. Tao la Struve, ambalo Gill alitaka kuungana nalo, liliandikwa na Unesco mwaka 2005 katika orodha ya urithi wa dunia: vituo 34 katika nchi kumi. Tao la meridiani ya 30, ambalo ni refu zaidi, halimo katika orodha hiyo.

Sasa tugeukie Marekani, kwani huko ndiko lugha inakopata kazi. Ofisi ya upimaji wa pwani ilianzishwa huko mwaka 1807, wakati wa Rais Jefferson, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mswisi Ferdinand Hassler. Alama za kawaida za nchi hiyo ni visahani vya shaba vyenye upana wa kama sentimita tisa, vimepigwa mhuri wa jina na mwaka, na vingi vina onyo kwamba mwenye kuivuruga alama atatozwa faini ya dola 250 au atafungwa. Kisahani mashuhuri kuliko vyote kiko Meades Ranch, katika malisho ya ng'ombe jimboni Kansas. Kiliwekwa mwaka 1891, na kuanzia 1927 mahali pa kila kitu katika Amerika ya Kaskazini pakahesabiwa kutoka hapo.

Kila kisahani kina karatasi yake, na katika karatasi kuna maelezo ya jinsi ya kukifikia. Maelezo haya ni fasihi ya aina yake. Huanza na mji ulio karibu na umbali wake. Hutaja njia panda, shule, ghala la mkulima, mti wenye umbo fulani, nguzo ya reli. Kisha hupunguza hatua, kutoka maili hadi futi, kutoka futi hadi inchi, mpaka msomaji awe amepiga magoti juu ya nukta. Pembeni huwa na visahani viwili au vitatu vidogo vyenye mshale unaoelekea kisahani kikuu, na umbali wa kila kimoja umeandikwa. Kila aliyefika baadaye huongeza neno lake na tarehe yake. Kwa hiyo karatasi moja huweza kuwa na sauti ya mtu wa 1890, ya mwingine wa 1934, ya mwingine wa 1975: wa kwanza anataja ghala, wa pili anasema ghala limeungua, wa tatu haoni hata njia. Mwindaji wa leo husoma karatasi hiyo kama mwanafilolojia anavyosoma hati zilizonakiliwa na waandishi wengi. Atajiuliza ni neno gani lingali na kitu chake.

Kuna kanuni moja ya ofisi hiyo ambayo ilinifanya niandike makala haya. Mwenye kutoa habari za alama anatakiwa achague hali yake kwa uangalifu. Kama aliitafuta asiione, ataandika tu kwamba haikuonekana. Neno « imeharibiwa » haliruhusiwi ila kwa ushahidi: kisahani chenyewe mkononi, kimeng'oka, au jambo lingine lisilo na shaka. Kutokuona si ushahidi wa kutokuwapo. Yapo mawe yaliyoandikwa « haikuonekana » mara kadhaa, kisha akaja mtu mwenye subira na kijiti, akayakuta chini ya udongo wa mkono mmoja.

Wanafunzi wa mwaka wa pili wataona mara moja kwamba Kiswahili kinaifahamu tofauti hiyo katika kitenzi chenyewe. « Haikuonekana » hufunga mlango: siku ile, saa ile, haikuonekana. « Haijaonekana » huuacha mlango wazi, kwani kiambishi -ja- hubeba tarajio kwamba jambo laweza kutokea. « Haipo » ni neno la anayejua. Ofisi ya Marekani ilihitaji kanuni ili kuwazuia watu wake wasiruke kutoka la kwanza hadi la tatu. Sisi tuna sarufi, lakini sarufi haimzuii mtu kusema uongo bila kukusudia, kama nilivyojionea.

Katanga ina alama zake. Mgawanyo wa maji ya Kongo na Zambezi, ulio mpaka wetu na Zambia, ulipimwa na tume ya Waingereza na Wabelgiji tangu 1911 hadi 1914, ukarudiwa tangu 1927 hadi 1933, na nguzo zikapandwa. Pembetatu za Katanga zina kituo chao cha asili, kiitwacho Tshinsenga A, karibu na mpaka huo, digrii 12 na dakika 30 kusini, digrii 28 na dakika 1 mashariki. (Wanaoshughulika na majina ya mahali watazame konsonanti moja inayolitenganisha jina hili na lile la Tshinsenda.) Mfumo uliotoka hapo, wa mwaka 1955, ulitumia umbo la dunia lililokokotolewa na Mwingereza Clarke mwaka 1866, mnyororo wa meridiani ya 30, na ramani za Zambia pamoja nao, ulitumia umbo la Clarke huyohuyo la mwaka 1880. Matokeo yake ni kwamba jiwe moja la mpakani lina namba mbili, moja ya huku na moja ya kule, na asiyejua atadhani jiwe limetembea. Katika nchi ambayo chini ya jiwe pana shaba na kobalti, kosa kama hilo si la kitaalamu tu. Mwenye shamba, mwenye kibali cha kuchimba na mtu wa serikali wakibishana, wote watatu huishia kuuliza swali moja: jiwe liko wapi?

Nilikwenda kutafuta moja, kwenye kilima ambacho sitakitaja jina, kwa sababu itakayoonekana. Nilikuwa na wanafunzi wawili na mzee mmoja ambaye ujanani alivuta mnyororo wa wapimaji. Wanafunzi walimwita Baba. Yeye aliniita Mwalimu, ingawa umri wangu ni wa kuwa mtoto wake wa mwisho. Tulikuwa na ramani ya zamani yenye pembetatu ndogo iliyochorwa juu ya kilima, lakini mzee hakuitazama. Alitueleza njia kwa kinywa, nami nikamrekodi: « Unaenda paka ku kichuguu ya kwanza, ile kubwa, pale unageukia ku mukono ya kuume. » Kisha kichuguu cha pili, chenye mti juu yake, kisha cha tatu. Hakutaja nyumba hata moja, wala barabara, wala shule.

Nilisikitika kidogo, nikidhani maelezo haya ni hafifu kuliko yale ya Kansas. Baadaye nikakumbuka kwamba vichuguu vikubwa vya Katanga vimepimwa umri na wataalamu, vikaonekana kuwa na mamia ya miaka, na vingine vilivyoachwa na mchwa vina miaka zaidi ya elfu mbili. Ghala la Mmarekani liliungua baada ya kizazi kimoja. Mzee alikuwa amechagua vitu vitakavyodumu kuliko jiwe lenyewe.

Tulipofika juu tulikuta shimo. Saruji ilikuwa imevunjwa vipande, na kisahani hakikuwapo. Mzee alieleza kwamba watu huamini wazungu walizika mali chini ya mawe yao, kwa maana, wanasema, nani angepandisha saruji mlimani kwa ajili ya kutazama tu? Swali hilo lina mantiki yake, na nakiri kwamba historia niliyoisimulia hapa juu haitoi jibu rahisi kwa mtu ambaye babu yake alibeba saruji ile. Hiyo ndiyo sababu ya kutolitaja jina la kilima: yapo mengine jirani ambayo hayajachimbwa.

Mmoja wa wanafunzi alitoa daftari, akaandika « haiko ». Mzee akamwuliza ameandika nini. Alipoambiwa, akatikisa kichwa, akasema neno moja: « Bado. » Tukadhani amechoka, au hakuona shimo. Lakini alikuwa akitembea kuelekea mashariki, akihesabu hatua kwa sauti ya chini, na baada ya hatua kumi na kidogo akasimama akakwangua majani kwa kisigino. Pale palikuwa na kijiwe cha saruji kisichozidi kiganja, chenye mshale. Mshale ulielekea tulikotoka. Akatafuta cha pili, upande wa kusini, akakipata. Cha tatu hakukiona siku ile.

Mishale miwili inatosha kukutana katika nukta. Tulivuta kamba mbili, tukaona kwamba hazikukutana katika shimo, bali pembeni yake, karibu nusu mita kutoka ukingoni. Wachimbaji walikuwa wameufuata upande ulioinama wa saruji iliyoanguka. Mzee alichomeka chuma chembamba pale kamba zilipokutana, akakisukuma taratibu, na katika kina cha kama mkono na kiganja chuma kiligonga kitu kigumu. Alikigonga mara tatu ili sisi sote tusikie. Hakuruhusu tuchimbe. Alisema kwamba kazi yake ilikuwa kuvuta mnyororo, na kwamba mwenye haki ya kufukua ni mpimaji aliye na karatasi.

Tulirudisha majani mahali pake, na vile vijiwe viwili tukavifunika. Mwanafunzi alifuta neno lake, na baada ya majadiliano marefu njiani, ambayo yangefaa kuwa somo la sarufi, liliandikwa hili: tarehe, njia kwa vichuguu vitatu, mishale miwili imeonekana, wa tatu bado, kisahani cha juu kimeondolewa, cha chini kimesikika, hakijaonekana.